Tochi Yako ya Kalamu Bado Iko Mfukoni

Mpendwa shangazi,

Kamwene. Naanza na salamu ya kwetu, maana ukisalimiwa kwa nyingine asubuhi ulikuwa unajifanya hujasikia. Nakuandikia kutoka Chimala, nikiwa nimekaa kwenye meza ya mbao mlangoni mwa ghala la ushirika wa wakulima wa mpunga. Mimi ndiye karani wa ghala. Ndiyo, mlangoni tena. Najua ungecheka mpaka ukashika ubavu.

Barua hii naiacha wazi, wengine nao waisome, kwa sababu jambo ninalotaka kukusimulia lilitokea mbele ya watu, na kwa sababu tangu tulipokulaza chini ya ile miti ya paina Igowole hakuna tena anayeniuliza habari za kazi kwa namna uliyokuwa unauliza wewe: unakaa, unavua viatu, unasubiri jibu zima.

Msimu huu niliambiwa niache kuja kazini na tochi yako. Aliyeniambia ni mwenyekiti wa ushirika, na hakuniambia kwa ukali. Aliniambia kama mtu anavyomwambia mgeni avue viatu mlangoni. Alisema nichague: tochi ikae nyumbani, au mimi nikae nayo huko nyumbani. Unanijua, shangazi. Unajua jinsi ninavyotetemeka mtu mzima akipandisha sauti kidogo tu. Kwa hiyo nataka nikueleze tangu mwanzo imekuwaje hadi leo, ninapokuandikia, tochi hiyo imebanwa kwenye mfuko wa shati langu, upande wa kushoto, palepale ulipokuwa unaibana wewe.

Unaikumbuka zahanati ile? Ukungu ulikuwa unaingia mpaka chumba cha kusubiria, kina mama wamejifunga vitenge juu ya masweta, watoto wanakohoa kwa zamu kama waliopangwa. Baba na mama walikuwa Mafinga kwenye kazi za mbao, nami nililelewa kwako. Shule ikifungwa nilikuja kukusubiri, lakini sikuingia ndani hata siku moja kwa hiari yangu. Nilisimama mlangoni. Niliogopa harufu ya dawa. Niliogopa sindano ya mtu mwingine. Niliogopa hata mizani ya kupimia watoto wachanga kwa sababu ilining'inia kwenye ndoano. Ulikuwa unapita mikono imejaa, unaniambia, "Bwana Mlangoni, ingia au toka, unazuia hewa." Jina likaenea. Hata mchungaji akawa ananiita hivyo, tena kanisani.

Tochi yenyewe haikuwa kitu cha kumfanya mtu ageuke kuitazama. Urefu wa kalamu, bati la rangi ya fedha lililochubuka, kishikizo cha kubania mfukoni, na betri mbili nyembamba kama zile za rimoti. Ukibonyeza kitako inawaka, ukiachia inazima. Mwanga wake ni wa njano, hauchomi. Upendo, binti yako, aliwahi kukuletea nyingine kutoka mjini, yenye mwanga mweupe mkali, ukamrudishia kwa upole. Ulisema ile ni ya kutafutia ng'ombe aliyepotea, siyo ya kutazamia jicho la mtu. Ubavuni mwa hii ya kwako zilichapwa duara nyeusi, kuanzia iliyo ndogo kama kichwa cha sindano hadi iliyo kubwa kama punje ya njegere, kila moja na namba yake. Zilikuwa za kupimia mboni za wagonjwa. Mimi nilidhani ni urembo.

Kuna jambo ulilokuwa unafanya ambalo sijaliona kwa mtu mwingine yeyote. Mtoto analetwa koo limevimba, mama yake ameshamkamata kichwa tayari kwa vita, na mtoto ameuma meno. Wewe unamwambia mama amwachie. Unavuta kile kigoda kifupi, unakaa ukawa chini kuliko mtoto, unampa tochi mkononi, unamfundisha kubonyeza. Kisha unafungua kinywa chako. "Anza wewe. Nitazame mimi kwanza."

Mtoto anatazama. Haharakishi, maana hakuna aliyewahi kumpa kazi kubwa kama hiyo. Namkumbuka msichana mmoja mwenye sweta la kijani aliyekumulika kwa muda mrefu, uso umekunjamana kama mkaguzi wa shule, kisha akasema, "Bibi nesi, kuna mboga."

Ukafunga mdomo, ukameza. "Na sasa?"

"Imeondoka."

Akakurudishia tochi, akafungua kinywa mwenyewe bila kushikwa na mtu.

Jioni ile tukirudi nyumbani nilikuuliza kwa nini unapoteza muda hivyo wakati foleni ni ndefu. Ulinijibu kwamba mwenye tochi na anayemulikwa hawako sawa, na mtoto analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Ukasema pia kwamba ulichokiona kinywani mwa mtu unakiacha palepale. Hutoki nacho barabarani. Nilikuwa mdogo, nikaona ni maneno ya kunipumbaza tu nisahau baridi.

Mimi mwenyewe ulinitibu kwa njia nyingine. Nikiogopa kitu, mbwa wa jirani, mtihani, radi, ulinisimamisha kwenye kivuli cha mlango, ukaiweka tochi pembeni ya jicho langu ikiwa imezimwa, ukalinganisha mboni yangu na zile duara. "Leo unaogopa namba saba," unasema, kwa sauti ileile uliyotumia kumwambia mtu ana homa. Halafu unabonyeza. "Haya, imekuwa namba tatu. Umeona? Yenyewe tu." Sikuwahi kuona, kwa sababu jicho ni langu na halijioni. Nilikuamini. Hata hivyo hukuwahi kuniambia nisiogope. Uliniambia namba, basi, kisha tukaenda kufanya lile lililokuwa linatuogopesha.

Na siyo zahanatini peke yake. Tochi ile ilikusaidia kutia uzi kwenye sindano, ilikuonyesha kiwango cha mafuta ndani ya kandili, ilisoma maandishi madogo ya chupa za dawa za mifugo ambazo majirani walikuletea wakidhani nesi wa watu ni nesi wa nguruwe pia. Uliiazimisha kwa kila aliyekuja na shida yenye maana, lakini aliyetaka kumulikia njia ya chooni ulimpa kandili. Jumapili uliibana kwenye sweta lako la zambarau. Bibi mmoja wa kwaya akakutania kwamba hata kwa Mungu unaenda na tochi. Ulimjibu, "Kwa Mungu kuna mwanga, mama. Kwenye benchi letu ndiko sioni vizuri." Benchi zima likatikisika kwa kicheko kilichozuiwa, na mimi nikaogopa tutafukuzwa.

Nilikuwa Iringa mjini, nasomea utunzaji wa ghala na hesabu, ulipoanza kuugua. Ulinikataza kuacha masomo. Sitaandika mengi kuhusu wiki zile. Matanga yalipokwisha, wazee wakakaa kugawa vitu vyako kama ilivyo desturi: huyu kitenge, yule sweta, mwingine blanketi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, ungetegemea nini kingine. Nilikitaka kitu kimoja tu na sikuthubutu kukitaja. Upendo akainuka, akachomoa tochi kwenye gauni lako jeupe la kazi, akawaambia wazee, "Hii ni ya Bwana Mlangoni. Msiniulize." Hawakumuuliza.

Sasa Chimala. Hapa ni joto, shangazi, ungelalamika. Barabara kuu inapita katikati, malori hayakauki, na wakati wa mavuno mji mzima unanukia mpunga. Ghala letu lina madirisha madogo juu kabisa, kwa hiyo ndani, katikati ya marundo ya magunia, ni giza hata saa sita mchana. Tangu siku ya kwanza tochi yako ilifanya kazi kuliko mimi. Kusoma alama ya mkulima kwenye gunia lililo chini ya mengine. Kutafuta palipotobolewa na panya. Kutazama kama kuna unyevu ukutani nyuma ya rundo. Simu ina tochi, najua, lakini simu inataka mkono mzima, na mwanga wake unatawanyika kila mahali. Hii naishika kwa meno nikiwa naandika. Usinikemee, naifuta kwanza.

Kisha ikapata kazi kubwa zaidi. Mpunga wetu unaweza kuwa safi machoni, mzito, wa kunukia, lakini ukifika mashine ya kukoboa unatoka chenga tupu, mchele uliovunjika vipande. Sababu ni mpasuko ndani ya punje. Mpunga ukianikwa juu ya lami kwenye jua kali, kisha ukapigwa na umande, punje inapasuka kwa ndani na ganda linaficha kila kitu. Kwenye mafunzo fulani Mbeya mjini tulionyeshwa njia ya kuutambua. Unachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, unapata punje chache, unazisugua viganjani mpaka ganda litoke, unaziweka juu ya kioo cha tochi. Mwanga unapita ndani ya punje. Nzima inang'aa yote kama tone la asali. Iliyopasuka ina mstari mwembamba unaoikata katikati, kama unywele.

Msimu uliopita mpunga wote tuliuchanganya rundo moja, na mnunuzi mkubwa kutoka Mbeya alipokoboa akapata chenga nyingi. Alirudi akasema kwa adabu kwamba ikitokea tena atanunua kwingine. Ushirika mzima unamtegemea yeye. Hivyo mwaka huu kamati ikaamua magunia yaliyopasuka yawekwe rundo la pili, yakobolewe peke yake, ili mpunga wa mmoja usiharibu wa wote. Kamati iliamua. Aliyeambiwa asimame mlangoni na kutenganisha ni mimi.

Na hapo ndipo nilipokosea. Alikuja Mama Sekela, mkulima mzee, mjane, mtu anayeheshimiwa na kila anayepita hapa. Watu walikuwa wengi. Nikachoma gunia lake bila kumwomba, nikasugua punje, nikawasha tochi mbele ya foleni nzima, na nilipoona ile mistari nikasema kwa sauti, kama nilivyosoma kitabuni: umepasuka, rundo la pili. Nilifanya yote sawasawa, shangazi. Yote isipokuwa lile ulilonifundisha.

Mama Sekela hakupiga kelele. Alijifunga kitenge upya, polepole. "Mwanangu," akasema, "umenimulika kama mwizi wa kuku."

Hapa kwetu kumulika gunia la mtu mbele za watu ni sawa na kumwambia ametia mchanga ndani. Mtu anamulikwa akiwa ameshukiwa. Nililijua hilo, hata Igowole ni hivyo hivyo, lakini nilifikiri elimu yangu inanipa ruhusa. Alibeba magunia yake akarudi nayo nyumbani. Waliokuwa nyuma yake wakamfuata, na siku zilizofuata foleni ikawa fupi, kisha ikawa hakuna. Jofrey, kiongozi wa wabebaji wetu, ambaye hawezi kunyamaza hata akilala, akawa anatangaza kila nikipita, "Jamani fungeni vifungo, karani anakuja na tochi." Siku nyingine akanifungulia kinywa. "Karani, na mimi nimulike, kuna jino linanisumbua." Wenzake wakaanguka juu ya magunia kwa kucheka. Nilicheka pia, maana ndivyo mwoga anavyofanya.

Ndipo mwenyekiti akaniita na kuniambia hayo niliyokwambia mwanzo. Alisema wakulima wameudhika, mpunga wanakaa nao nyumbani, na nikiendelea ghala litabaki tupu. Nitazame kwa macho kama watu wengine. Nikamwambia mpasuko hauonekani kwa macho. Akasema basi usionekane.

Nilirudi chumbani kwangu nikaiweka tochi juu ya meza. Nilihesabu kila sababu ya kumtii. Kazi ni ngumu kuipata. Mkataba wangu ni wa msimu hadi msimu. Na ukweli wenyewe ni kwamba nilitamani kutii; kutii kungenipa usingizi. Lakini nilijua mnunuzi akipata chenga tena hatarudi, na nilijua watakaoumia ni kina Mama Sekela wenye magunia machache, siyo mimi mwenye mshahara. Nikampigia simu Upendo, nikamsimulia yote, nikimtarajia anihurumie.

Hakunihurumia. Alicheka, kicheko chako kabisa, mpaka nikaondoa simu sikioni. Halafu akauliza, "Wewe Bwana Mlangoni, mama alimmulika nani kabla yeye hajamulikwa?"

Jibu lilikuwa limekaa juu ya meza linanitazama.

Ila mimi sikuwa na mpunga wa kujimulika. Sina hata jaruba moja. Nikawaza sana: kati ya mkulima na ushirika, nani anakaa kwenye kiti cha nesi? Siyo karani. Ni mwenyekiti. Na magunia ya mwenyekiti, shangazi, yalikuwa yanaingia ghalani moja kwa moja kila msimu, wabebaji wakiyakimbilia na salamu, hakuna bambo, hakuna swali. Siyo kwamba aliagiza hivyo. Hakuna aliyewahi kuthubutu, basi, na mazoea yakawa njia. Nilipoelewa ni gunia la nani linatakiwa kuanza, nikaichukua tochi mezani nikafuta kioo chake.

Asubuhi ya siku yake ya kuleta mpunga nilivaa shati safi, nikabana tochi. Mwenyekiti alifika na tela limejaa. Watu walikuwepo, hata waliogoma, maana siku ya mwenyekiti kuleta mpunga huwa wanakuja kusikia habari za bei. Mama Sekela alikuwa amekaa juu ya gunia lake moja, chini ya paa la kibarazani. Alileta moja tu, nadhani kupima hali ya hewa. Wabebaji walipoinua gunia la kwanza nikasimama mlangoni. Katikati ya mlango, siyo pembeni kama zamani.

"Shikamoo mwenyekiti. Naomba leo tuanze na gunia lako."

"Marahaba. Tuanze nini?"

"Kumulika."

Alinitazama kifuani. "Si nilikwambia hiyo tochi ikae nyumbani?"

"Uliniambia, mzee."

"Na?"

"Nimekuja nayo."

Sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba waliokuwa nyuma waliulizana nimesema nini. Nikaendelea kabla sijaishiwa pumzi. Nikamwambia sitamulika mimi. Tochi ataishika mkulima yeyote atakayemchagua yeye, na gunia likiwa zima tutajua, na likiwa limepasuka tutajua, kisha nitawaomba wengine hicho hicho tulichokifanya kwa kiongozi wao. Na wengine sitawamulika mbele ya foleni. Nitaingia na kila mtu ndani peke yake, na tutakachokiona kitabaki kati yetu na rundo.

Mwenyekiti akageuka kwa watu, akacheka. Alidhani amepata njia ya kumaliza mambo kwa utani. "Haya, Mama Sekela. Si wewe uliyemulikwa? Njoo na wewe umulike."

Mama Sekela aliinuka. Nilimwonyesha kila hatua, naye akafanya mwenyewe: bambo, punje, kusugua, kupuliza ganda. Viganja vyake vilifanya kazi hiyo vizuri kuliko vyangu. Nikampa tochi, akabonyeza kitako, akajifunika kitenge kichwani ili apate giza, na sote tukabaki tunakitazama kitenge hicho chenye mwanga wa njano ndani yake. Jofrey alisimama na gunia begani, amesahau kulitua.

"Hii ina unywele," ikatoka sauti ndani ya kitenge. "Na hii."

Alipojifunua hakumtazama mwenyekiti usoni. Alimnyooshea tochi tu, na kiganja chenye punje, kama unavyompa mtu chumvi. Mwenyekiti angeweza kukataa. Aliipokea. Akainama kwenye kivuli cha mlango, akamulika punje moja baada ya nyingine.

"Niliuanika kwenye lami," akasema hatimaye, kama anaiambia tochi. "Turubai hazikutosha." Kisha akanyanyua kichwa, akasema kwa sauti ya mikutano, wote wasikie, kwamba mpunga wake umepasuka na upelekwe rundo la pili. Wabebaji wakabeba. Alipopita kwangu alisimama. "Msimu ukiisha tutaongea, karani."

Sijui tutaongea nini. Huenda ni ya kheri, huenda nikarudi Igowole na begi langu. Sitakudanganya kwamba halinisumbui. Nikimwona anakuja naogopa hadi leo. Lakini nimeamua, na hili ndilo hasa nililotaka kukwambia: nitakuja nayo kesho, na kesho kutwa, na siku ya mazungumzo hayo nitakuwa nayo mfukoni. Wakininyima mkataba nitaibana kwenye shati nitakalovaa kutafutia kazi nyingine. Nilikuwa nasubiri woga uishe ndipo nianze kuwa mtu wa maana. Sasa nadhani hukuwahi kuniahidi kwamba utaisha. Ulinipimia tu, tukaondoka.

Bado kuna kipande kimoja cha asubuhi ile.

Mwenyekiti alipoondoka, Mama Sekela alibaki na tochi mkononi. Watu walikuwa wanatusubiri yeye na mimi. Akaburuta gunia lake mwenyewe mpaka ndani, kwenye kona nyuma ya rundo, akawakataza wabebaji wasimsaidie. Nikamfuata. Akakata uzi wa mshono, akakunja mdomo wa gunia taratibu kama unavyokunjwa mkono wa shati la mtoto. Nikanyoosha mkono nipokee tochi. Hakunipa. Akaisogeza karibu na uso wangu, imezimwa, akanikazia macho katika lile giza dogo.

"Mbona macho yako yamekuwa makubwa hivi? Unaogopa?"

Shangazi, nilikusikia wewe. Nilitaka kumuuliza ni namba ngapi.

"Naogopa, mama."

Akatikisa kichwa, siyo kwa kunilaumu. Akaigeuza tochi, akanipa kwa upande wa kitako.

"Haya," akasema. "Mulika."

Gunia lake lilikuwaje sitasema hapa. Hicho nimekiacha palepale.

Lala vizuri huko kwenye ukungu wako. Betri nimebadilisha, kioo nakifuta kila asubuhi, na mlangoni sizuii hewa tena.

Mtoto wa kaka yako,
Bwana Mlangoni